Baba, Nyamaza Tuangalie

Nyumbani kwangu kuna sheria moja ambayo haikupitishwa bungeni lakini inafuatwa kuliko zote: filamu ya maafa ikianza, baba haruhusiwi kufungua mdomo. Aliyeitunga ni mke wangu. Watoto wote watatu waliiunga mkono, na mama yangu mzazi, ambaye nilitegemea angalau angejifanya amesinzia, ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Kwa hiyo nimekuja kusemea huku, mahali ambapo hakuna wa kunirushia mto wa kochi.

Naomba nieleweke mapema. Sina ugomvi na tetemeko. Bahari ikisimama wima kama jengo la ghorofa hamsini, sawa. Volkano ikifumuka katikati ya Los Angeles kama ile ya mwaka 1997, sawa, Mungu hashindwi na kitu. Ninachoshindwa kukimeza ni familia. Unaweza kuniambia bara zima limehama na nikaitikia, lakini ukiniambia mke na mume waliokuwa wanagawana vyombo asubuhi wamepatana jioni kwa sababu daraja limekatika, hapo unanionea. Mimi nina miaka ishirini na mbili ya ndoa. Kwetu maji ya bomba yakikatika siku mbili tu, watu hawasemeshani.

Chukua San Andreas ya mwaka 2015, ambayo kijana wangu wa kidato cha pili anayo kwenye flashi na huifungua Jumamosi kama ibada. Dwayne Johnson ni rubani wa helikopta ya uokoaji wa idara ya zimamoto ya Los Angeles. Hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa: kuokoa watu. Mkewe ameshamletea makaratasi ya talaka, na yuko mbioni kuhamia kwa tajiri mmoja mjenzi wa maghorofa. Ardhi inatikisika. Mtumishi huyu wa umma, akiwa ndani ya helikopta ya umma, anachoma mafuta ya umma, anaigeuza na kwenda kumchukua mkewe juu ya paa la jengo. Akishampata, unadhani anarudi kazini? Wanaelekea San Francisco kumfuata binti yao. Ni zaidi ya kilomita 500.

Hapo huwa sijizuii. Jumamosi iliyopita nimeuliza tena, kwa sauti ya chini kabisa, "Logibuku anajaza nani?"

Ofisini kwetu dereva mmoja aliwahi kupita Buguruni na gari la kazini kuchukua gunia moja la mkaa, akaandikiwa barua ya kujieleza yenye nakala kwa watu sita. Huyu mwenzake ameiangusha helikopta, ameendesha gari lisilo lake, amepanda ndege ndogo, akaruka kwa mwavuli na kuiacha ndege iende inakojua, akamalizia na boti. Mwisho amesimama anaangalia bendera ikipepea kwenye daraja lililovunjika. Hakuna aliyemuuliza kitu. Jiji zima linalia, na yeye tangu balaa lianze ameokoa mke, binti, na vijana wawili waliokuwa na binti. Ukipiga hesabu ya gharama kwa kila kichwa, mkaguzi wa serikali angezimia.

"Baba, shii," akasema binti yangu mdogo.

"Nauliza tu."

"Usiulize."

Halafu kuna yule tajiri mjenzi. Mwanzo anaonekana mtu mzima mwenye adabu zake, anampa binti lifti. Tetemeko linapiga, zege linabana gari kwenye maegesho ya chini ya jengo, binti amenasa miguu, na bwana huyu anasema anakwenda kutafuta msaada. Kwenda kwake ndiko kwenda. Harudi, na baadaye anamalizikia darajani chini ya kontena. Katika filamu nzima huyo ndiye niliyependa kumsema kuliko wote, mpaka mwaka 2020. Nitafika huko.

Nilidhani kumuua baba wa kambo ni bahati mbaya ya filamu moja. Kumbe ni desturi. Katika 2012, ambayo jina lake ni 2012 lakini ilitoka 2009, baba wa kambo anaitwa Gordon, daktari wa upasuaji wa urembo. Gordon hajakosea kitu. Masomo ya urubani ameyahudhuria mara chache mno, lakini ndiye anayerusha ndege huku jiji likiporomokea baharini; bila yeye, familia yote ingebaki kifusini. Malipo yake nini? Anasagwa na gia za safina ya kunusuru watu na gharika, na kabla hata maji hayajatulia, mama wa watoto na mumewe wa zamani wanabusiana. Hakuna aliyesema innalillahi. Hakuna matanga, hakuna hata kikombe cha chai ya msiba.

Jirani yetu wa ghorofa ya pili analea watoto watatu ambao mke wake alikuja nao. Anawapeleka shule, anawalipia, anagombana nao kuhusu simu. Siku tulipokuwa tunaiangalia 2012 alipanda kuja kuazima ngazi ya kubadilishia taa, akakaribishwa, akakaa. Gordon alipoingia kwenye zile gia, jirani aliinuka taratibu, akasema, "Haya, usiku mwema," akaondoka bila ngazi.

(Na kwa kuwa tumeshaitaja: mwisho wa filamu hiyo dunia imezama, safina zinaelekea Afrika kwa sababu bara letu limeinuka, na milima mirefu kuliko yote duniani sasa ni Drakensberg ya Afrika Kusini. Sisi wenye mlima wa mita 5,895 hatukutajwa hata kwa bahati mbaya. Najua hilo si suala la familia, lakini limenikaa rohoni.)

Kiti kimoja ndani ya safina ile kiliuzwa euro bilioni moja, na hapo ndipo nilipothibitisha kwamba watunzi wa filamu hizi hawajawahi kuwa na ukoo. Familia yao ya maafa ni baba, mama, mtoto wa kiume, mtoto wa kike na mbwa. Shangazi hayupo. Baba mkubwa hayupo. Hakuna mtoto wa dada aliyekuja mjini kutafuta kazi mwaka 2017 na mpaka leo analala sebuleni. Wakiingia kwenye gari wanatosha! Mimi nikipakia gari kwenda harusini Bagamoyo, watu wawili hubaki kibarazani wamenuna, na mmoja wao ndiye aliyechangia mafuta.

Kwetu safina ikitangazwa, kabla ya yote litafunguliwa kundi la WhatsApp. Litaitwa Safina ya Ukoo Namba Mbili, kwa sababu Namba Moja lilivunjika kwenye mchango wa harusi. Mwenyekiti Baba Mkubwa wa Tanga. Orodha itaanza kuzunguka, kila mtu anainakili na kujiongeza chini: Baba Mkubwa laki tano, kwenye mabano ahadi. Shangazi elfu hamsini, taslimu. Shemeji wa Kigogo, yuko nasi kwa dua. Mtu atatuma picha ya maua yenye maneno ya asubuhi njema. Mwingine atauliza hela anashika nani, na kwa nini kila mara ni yeye. Euro bilioni moja ni zaidi ya shilingi trilioni mbili kwa kichwa. Mpaka maji yanafika Mlandizi, tutakuwa na laki nane na ahadi nyingi, na itaamuliwa aende Baba Mkubwa peke yake kama mwakilishi, halafu atuletee mrejesho.

Watoto wa filamu hizi nao wana ugonjwa wao. War of the Worlds ya mwaka 2005 niliiangalia mara ya kwanza kwenye kibanda umiza pale Manzese, na mtafsiri juu yake. Viumbe kutoka anga za juu wanachoma watu wanabaki majivu. Tom Cruise anahangaika na watoto wawili, na yule wa kiume, kijana mkubwa kabisa, anang'ang'ania kukimbilia kilimani kwenye mapigano kwa sababu anataka kuona kwa macho yake. Baba anamwachia. Kilima chote kinawaka moto. Mwisho wa filamu baba anafika Boston amechakaa, na kijana anatoka ndani ya nyumba, mzima, ametangulia kufika. Mtafsiri wetu alikuwa na hekima kuliko mwandishi. Alipoona pale kilimani baba anaongea maneno mengi na machozi, yeye alitafsiri kwa sentensi moja: "Baba anamwambia, nenda, lakini ukifa usije kunilalamikia." Kibanda kizima kilipiga makofi.

Kijana wa kweli hakimbilii popote. Wangu nilimtuma chumvi dukani, ngazi tatu tu kushuka, akaniuliza kama ni lazima iwe leo. Viumbe wa anga za juu wakishuka Jangwani atawarekodi kutoka dirishani, ataweka muziki, na atalalamika kwamba bando limeisha.

Sijasahau The Day After Tomorrow, ya mwaka 2004. Baba ni mtaalamu wa hali ya hewa. Mwanawe amekwama maktabani New York, dunia inaganda, na baba anatoka maeneo ya Philadelphia kumfuata kwa miguu ndani ya theluji. Anawachukua wafanyakazi wenzake wawili. Mmoja, anaitwa Frank, anatumbukia kwenye paa la kioo la jengo la maduka, ananing'inia, na akiona uzito wake utawavuta wenzake anaikata kamba mwenyewe. Haya, baba anafika, anamkumbatia mwanawe, muziki. Na Frank? Nani amepeleka taarifa kwao? Nani ameshika daftari la rambirambi? Kwetu baba yule asingepata hata nafasi ya kumkumbatia mtoto. Angekuta wajomba wa Frank wameshakaa kwenye mkeka, wanataka aeleze vizuri, taratibu, tangu mwanzo, ilikuwaje wakatoka watatu na kurudi wawili.

Nisionekane mchoyo wa sifa. Iko filamu moja ambayo haikunipa la kusema. The Impossible, ya mwaka 2012, imetokana na mkasa wa kweli wa familia ya Kihispania iliyopigwa na tsunami huko Khao Lak, Thailand, tarehe 26 Desemba 2004. (Kwenye filamu wamefanywa Waingereza, sijui Wahispania walikuwa na kasoro gani.) Baba, aliyeigizwa na Ewan McGregor, amepotezana na mke na mtoto. Anaomba simu. Mtu wa kwanza anamnyima, chaji ni ndogo. Mwingine anampa. Anapiga nyumbani, anaanza kueleza, kilio kinambana, anakata haraka kwa sababu simu si yake. Na wale wageni, waliopoteza watu wao pia, wanamrudishia apige tena, amalize vizuri. Siku ile wimbi lilivuka bahari yote likafika mpaka kwetu. Ilikuwa Jumapili, na hapa pwani walikufa watu waliokuwa wakiogelea. Mama yangu aliiangalia filamu ile akiwa ameushika mdomo kwa ncha ya kanga, na hakuna aliyehitaji kuninyamazisha.

Lakini hiyo ni moja. Nyingine zote hazimjui hata mtu ninayemwona kuwa mhusika mkuu wa kila janga, yaani mgeni. Aprili 2021 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitutahadharisha kwamba kimbunga Jobo kinakuja upande wetu. Ilikuwa ndani ya Ramadhani. Shemeji anakaa Kigogo, bondeni, akasema hawezi kusubiri kimbunga kwenye nyumba ile, afadhali aje kwetu juu. Alifika muda wa futari, na begi. Jobo alifia baharini kabla ya kutufikia. Dar es Salaam tuliambulia mawingu. Shemeji aliondoka baada ya Idd. Kila nikigusia safari alitazama nje, akasema anga haijatulia vizuri.

Wanachopatia, tena bila kujua, ni bibi. Katika Dante's Peak ya mwaka 1997 mlima unatoa moshi na majivu, mji mzima unahama, na bibi anasema hatoki nyumbani kwake. Kabisa! Bibi wote hawatoki. Halafu wanaharibu: wajukuu wanachukua gari wao wenyewe kupanda mlimani kumfuata, na baadaye bibi anajitosa kwenye ziwa lililogeuka tindikali ili aisukume boti yenye wajukuu, anaungua, anakufa, wote wanalia. Bibi wa kwetu hajitosi. Angekaa katikati ya boti, angeuliza nani amefunga mlango wa nyuma, na angemtuma mtu.

Shangazi yangu aliishi bonde la Msimbazi. Desemba 2011, ile mvua iliyoua watu zaidi ya arobaini hapa mjini, maji yaliingia usiku, yakapanda kitandani. Vijana wa mtaa walikuja na kamba. Shangazi alikuwa amesimama juu ya meza, ameshikilia taa, na akawaambia yeye hatoki kabla ya cherehani. Si kwamba hakuogopa. Cherehani ile ya miguu ndiyo iliyosomesha watoto wanne, na alijua kabisa kwamba mtu akiondoka na maji kuna wa kumpokea, ila cherehani ikiondoka na maji hakuna wa kumnunulia nyingine. Basi vijana walibeba chuma kile mabegani, maji ya kifua, wakakifikisha barabarani, wakarudi kumbeba yeye. Baadaye serikali iliwagawia watu wa bondeni viwanja Mabwepande, na nyumba ya kwanza kuwa na mashine ya kushona katika mtaa wake mpya ilikuwa ya kwake. Nioneshe filamu ya Hollywood ambamo cherehani inaokolewa kwanza.

Kwenye filamu watu hukimbia mikono mitupu, nywele zinapepea. Uongo. Agosti 2016 ndege ya Emirates ilianguka kwenye njia ya kurukia Dubai na kushika moto. Ndani walikuwemo watu 300. Kuna video iliyochukuliwa mle ndani: moshi unaingia, wahudumu wanapiga kelele watu waache kila kitu waruke, na abiria wanafungua makabati ya juu kutafuta mabegi yao. Abiria na wahudumu wote walitoka hai, ingawa mzimamoto mmoja alifariki. Video ile ilipotufikia tulicheka sana hapa sebuleni. Mimi nilicheka kuliko wote. Nilisema, "Mtu anakufa, anashika begi!"

Miaka minne ikapita.

Jumatano, tarehe 12 Agosti 2020, saa mbili na robo hivi usiku. Tunakaa Upanga, ghorofa ya tatu. Taarifa ya habari inaendelea, na mimi niko kwenye kiti changu. Mke wangu yuko jikoni anakaanga samaki. Mama yuko kwenye mswala. Binti mdogo yuko bafuni na sabuni mwili mzima. Mara kabati la vyombo likaanza kugongana lenyewe. Nikadhani ni lori. Halafu glasi ya maji iliyokuwa mezani ikaanza kutembea, taratibu, kama inayokwenda mahali, na taa ikawa inayumba.

Baadaye ilielezwa kwamba lilikuwa tetemeko lenye ukubwa wa karibu 6, kitovu chake baharini, kusini-mashariki ya Dar es Salaam. Halikuleta madhara makubwa. Hayo nilikuja kuyasoma kesho yake. Kwa usiku ule ninachokumbuka ni glasi, na baada ya glasi nakumbuka mwarobaini ulioko uani, chini. Katikati hapo hakuna kitu. Ngazi za ghorofa tatu sizikumbuki hata moja.

Pale chini watu walikuwa wanamiminika, wengine na kanga, wengine na vijiko. Jirani wa ghorofa ya pili alitoka na watoto wake watatu wa kambo: mdogo mgongoni, wawili amewashika mikono, na kwa meno ameuma simu inayomulika ngazi. Alinisalimia. "Wako wako wapi?" akauliza.

Nikageuka kutazama mlangoni.

Baada ya muda ambao sitaki kuukadiria, mke wangu alitokea. Binti mdogo amefungwa taulo, povu bado kichwani. Mama ameshikwa mkono, mswala kwapani. Binti mkubwa na kijana nyuma yao. Gesi ilikuwa imezimwa na mlango umefungwa. Ufunguo ulikuwa unaning'inia kidoleni mwake. Mkono mwingine alikuwa amebeba ndala zangu, kwa sababu alijua nimetoka peku. Akaziweka chini mbele yangu. Akanitazama usoni, kisha akanitazama mkononi.

"Umetoka na rimoti," akasema.

Hakusema kingine. Katika San Andreas, mume na mke wanapookoka hukumbatiana. Sisi tulisimama chini ya mwarobaini, mimi nimevaa ndala, nikabonyeza kitufe cha kuzima, sijui kwa nini. Nilieleza kwamba nilitangulia kuangalia kama ngazi ziko salama. Mama akasema, "Sawa, mwanangu." Hiyo "sawa" ya mama yangu nawaachia wenye mama waujue uzito wake.

Simu ikaita. Baba Mkubwa wa Tanga.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba. Hamjambo hapo?"

"Hatujambo."

"Watoto?"

"Wazima."

"Mama yenu, ile miguu inaendeleaje?"

"Inaendelea vizuri."

"Kazini?"

"Tunamshukuru Mungu."

"Haya. Sasa nasikia Dar imezama."

Tulirudi juu saa nne. Samaki walikuwa wameungua upande mmoja, tukala upande wa pili.

Jumamosi iliyofuata kijana alichomeka flashi yake, San Andreas ikaanza, tukafika pale kwenye maegesho ya chini, yule tajiri mjenzi akamwacha binti wa watu amenasa akakimbia. Mimi kwa mazoea nikasema, "Mwanamume gani huyu?" Sebule nzima ikanyamaza. Kijana alisimamisha picha. Hapo ndipo mke wangu alipoitunga ile sheria, na hapo ndipo mama aliponyoosha mkono.

Nimeitii, kwa vipindi. Lakini mwezi uliopita binti mkubwa alirudi kutoka chuoni na filamu ya Kiswidi ya mwaka 2014, kwa Kiingereza inaitwa Force Majeure, ya mwongozaji Ruben Östlund. Akasema, "Baba, hii utaipenda, haina uongo." Familia ya watu wanne wako mapumzikoni kwenye milima ya Alps, Ufaransa. Wanakula chakula cha mchana kwenye baraza ya mgahawa. Theluji inaporomoka kutoka mlimani, inakuja upande wao, baba anairekodi kwa simu akisema iko chini ya udhibiti. Inazidi kukaribia. Mama anawakumbatia watoto. Baba anakwapua simu na glavu zake, anakimbia. Halafu ukungu wa theluji unatulia, hakuna aliyeumia, baba anarudi, anakaa kitini. Na filamu yote iliyobaki, zaidi ya saa moja na nusu, hakuna tetemeko, hakuna wimbi, hakuna helikopta. Ni mke tu anayetaka mumewe akiri kwamba alikimbia, na mume anasema yeye anavyokumbuka haikuwa hivyo. Mke anaisimulia mbele ya wageni. Kisha wanaitoa simu yenyewe na kuiangalia ile video, na ndani yake unamwona mtu anakimbia.

Ukiacha The Impossible, kwa mara ya kwanza tangu tuoane niliangalia filamu kutoka mwanzo hadi mwisho bila kusema neno. Hakuna aliyeniambia shii. Mama alikuwa anakula karanga, moja moja. Ilipoisha mke wangu alinyoosha mkono, akasema kwa upole kabisa, "Nipe rimoti."

Filamu hiyo nimeifuta kwenye flashi. Binti anasema nakala nyingine iko kwenye kompyuta yake, na Jumamosi hii mama ameomba waiangalie tena.